Mkeka wa Visivyo Chakula

Mjukuu wangu Avelina hakuchukuliwa kwangu kwa sababu nilimpiga, wala kwa sababu alilala njaa. Alichukuliwa kwa sababu ya mboga. Nikisema hivyo watu hudhani natania. Wakishajua ni mboga gani wananyamaza, maana wao pia wanaipika. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, na atakayekasirika akasirike.

Mimi ni Auleria, wa Bweranyange. Binti yangu Vero alifariki siku chache baada ya kujifungua. Mume wake, Dastan, akaniletea kichanga ndani ya blanketi, akasema, "Mama, mimi sijui kulea." Hapo alisema kweli. Akarudi Kayanga kwenye duka lake la mabati na saruji, na tangu siku hiyo tulikuwa tukimwona Krismasi kwa Krismasi, ameshika chupa ya soda. Nikalea. Maziwa ya ng'ombe wa jirani, uji, ndizi iliyopondwa, na alipoota meno, mboga. Mboga aliyoipenda kuliko zote ni nyabarashana.

Waswahili wanaiita kishona nguo, kwa zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania sketi ukipita shambani. Ikishatoa mbegu haifai tena. Lakini majani yake machanga ukiyachuma kabla ya maua, ukayachemsha, ukamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, ukatia karanga za kutwanga, ni mboga ya kumfanya mtoto alambe bakuli. Inaota yenyewe chini ya migomba, na hilo ndilo kosa lake. Haipandwi, hainunuliwi. Kwetu sisi ukionekana unachuma kitu ambacho hukukipanda wala kukilipia, watu wanasema nyumba ile mambo yamekwisha. Kwa hiyo wanaichuma asubuhi mapema, wanaificha chini ya majani ya maboga kwenye kapu, na wanaila mlango ukiwa umefungwa. Mama yetu alitulea kwa hiyo, mimi na dada yangu Deodatha, na hakuna kati yetu aliyekuwa mwembamba.

Sasa, ukaja mradi. Ulitaka kila kinacholiwa Karagwe na Kyerwa kiwekwe kwenye kundi lake na kipewe jina moja, litakalotumika kliniki, shuleni na sokoni, ili nesi wa Kituntu akiandika jina, mwenzake wa Kibingo alielewe bila kupiga simu. Wazo lenyewe halikuwa baya, na sitalisingizia. Tukaitwa kutoka wilaya zote mbili, kila mtu aje na anachokula kwake, tukakusanyika kwenye ukumbi mmoja Kituntu. Walikuwa wametandika mikeka sakafuni, kila kundi na mkeka wake: ndizi na mizizi, nafaka, mikunde, mboga za majani, matunda, nyama na samaki. Karibu na mlango wa nyuma kulikuwa na mkeka wa mwisho, wa visivyo chakula. Huko ndiko yangekwenda magugu, dawa na lishe ya mifugo.

Aliyeongoza alikuwa Egbert, kijana nadhifu wa mradi, mzaliwa wa Kibingo. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: anainua kitu, anauliza jina, halafu wanaokila wanainua mikono. Mikono ikitosha, kitu kinakwenda kwenye mkeka wake.

"Mimi sina neno langu hapa," akasema. "Chakula ni chenu, mikono ni yenu."

Asubuhi yote iliishia kwenye ndizi. Watu wa Kyerwa wanataka jina lao, wa Karagwe wanataka lao, na mkungu wenyewe ni ule ule, umekaa katikati unasubiri. Kidogo watu washikane mashati. Walipofika kwenye nafaka, Ta Kaijage, mzee wa kanisa wa kwetu Bweranyange, akasimama na fimbo yake kupinga mchele kuitwa chakula. Akasema wali ni kitu cha kujishikiza ukisubiri ndizi ziive. Ukumbi ukampigia makofi, na mimi nikapiga. Senene nao wakazua ubishi wao, kama ni nyama au ni kitafunwa. Tulikuwa tunacheka, tunafurahi, kila mtu anaringa na cha kwao. Nakumbuka niliwaza kwamba kumbe kazi za wasomi nazo zina raha yake.

Zikafika mboga. Mchicha ukapita, majani ya maboga yakapita, mnavu ukapita kwa mikono mingi. Ndipo Egbert akainua fungu langu.

"Nani kaleta hii?"

"Mimi."

"Inaitwaje?"

Ukumbi mzima ulilijua jina, hakuna aliyefungua kinywa. Nikalitaja mwenyewe. Mtu akaguna kule nyuma, na Ta Kaijage akasema, "Hiyo si ya sungura?" Kicheko kikashika kutoka safu moja hadi nyingine.

"Ni mboga," nikasema. "Jana mjukuu wangu aliila. Na nyinyi mnaila, msinichekee hapa kana kwamba mmeteremka juzi na basi la Dar."

Egbert akatuliza watu. "Wanaoila kwao wainue mikono."

Nikainua wangu, nikageuka kumtazama dada yangu. Deodatha alikuwa safu ya mbele, amevaa kitenge kipya, anakiangalia kile kitenge kama vile ndiyo kwanza anakiona. Mkabala naye, upande wa watu wa Kibingo, alikaa mama mmoja anaitwa Mackrine. Ambrose, mtoto wa Deodatha, alikuwa anamposa binti wa mama huyo, na mahari ilikuwa bado inajadiliwa. Mackrine naye alitazama dari. Nikawatazama wanawake wa kwetu mmoja mmoja, wale ninaokutana nao kwenye migomba alfajiri na makapu yao. Kila mmoja mikono ameilaza mapajani.

Egbert alisubiri. Kijana yule alikulia Kibingo, na mama yake hakumkuza kwa kabichi, hilo lilionekana usoni pake. Halafu akasema kwa upole, "Ma Auleria, mkono mmoja hautoshi," akalibeba fungu langu hadi mlango wa nyuma, akaliweka kwenye mkeka wa mwisho.

Tuliporudi nikamuuliza Deodatha alikuwa na maana gani.

"Ulitaka nifanyeje, mdogo wangu?" akasema. "Mackrine alikuwa pale ananitazama. Aende kwao akaseme nyumba anayoozwa mwanawe wanakula magugu?"

Nilimwelewa. Ni dada yangu, na Ambrose ni kama mwanangu. Nikamwambia yameisha, na moyoni mwangu yalikuwa yameisha kweli. Harusi ikafungwa, tukacheza, na mimi ndiye niliyepika.

Mwaka haukupita, Dastan akaja tena, na safari hii haikuwa Krismasi. Alikuwa ameoa mke mwingine, mke hajapata mtoto, na mama yake Dastan alikuwa ameanza kuuliza damu ya ukoo wao inafanya nini Bweranyange. Alikaa kwenye kiti changu akasema amekuja kumchukua binti yake.

"Binti yako unamjua jina?" nikamuuliza.

"Mama, usinitukane. Nilikuacha ukae naye, sikukupa."

Nikamwonyesha njia aliyoijia. Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii kulalamika, nami nikaitwa. Afisa wa ustawi akatusikiliza wote wawili bila kupendelea, hilo nalikubali. Akasema, "Mimi siangalii ukoo wala siangalii nani ana duka. Naangalia mtoto analishwaje." Akasema atatumwa mtu wa lishe atembelee nyumba zote mbili, na mtoto atakaa pale ambapo ripoti itakuwa nzuri. Nilitoka pale nimefurahi. Kulisha mtoto ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku tangu aletwe, na niliifanya vizuri.

Lakini wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba yangu, nimeikata mingi na kuifukia kama tulivyoagizwa. Maharage yalikuwa bado maua. Ndani nilikuwa na viazi vitamu, unga wa muhogo, ulezi, na karanga. Na nyabarashana, ambayo mnyauko hauijui.

Aliyekuja ni binti mmoja anaitwa Nasreen, mtoto wa watu wa dukani kule mjini, mpole, ana adabu. Alinisalimia shikamoo akiwa amepiga goti kidogo. Avelina akamkimbilia, akamshika ushungi. Nasreen akampima, akamzungushia ule utepe wa mkononi, akatabasamu.

"Bibi, uzito mzuri kabisa. Mtoto ana afya."

Kisha akatoa tableti yake akaniuliza Avelina alikula nini jana, tangu alipoamka hadi alipolala. Nikamwambia: asubuhi uji wa ulezi, mchana viazi na nyabarashana ya karanga, jioni ugali wa muhogo na nyabarashana iliyobaki. Akaandika, akaandika, akasimama. Akaandika tena. Nikamwona anavyokunja uso.

"Bibi, hii nyabarashana imo kwenye visivyo chakula."

"Najua ilipowekwa. Nilikuwepo."

"Nikiijaza hivi, ripoti itatoka kwamba mtoto anapewa visivyo chakula mara mbili kwa siku."

"Basi jaza mchicha, mwanangu."

"Napiga picha ya sufuria, bibi, na kuna wanaozikagua." Alinitazama kwa huruma. "Karanga nimeshaziandika. Ila kuna njia moja. Kama kuna nyumba nyingine hapa jirani wanaoila, wakaniambia wenyewe, naruhusiwa kuiandika kama mboga ya mahali. Nyumba moja tu inatosha."

Nilimbeba Avelina mgongoni nikatembea mbele, mbio mbio, hata nikasahau kuvaa ndala. Kwa Deodatha ni ng'ambo ya kijia. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Na kabla hatujafika uani, mimi niliyeipika maisha yangu yote, nikasikia harufu yake ikichemka. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, hapa sina haja hata ya kuomba.

Deodatha alikuwa mlangoni mwa jiko. Ndani, mkwewe, yule binti wa Mackrine, amechuchumaa kwenye mafiga anakoroga. Nasreen akaamkia, akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kwamba jina la mwenye nyumba halitasomwa mahali popote.

"Kwa hiyo mama, nyumba hii mnakula nyabarashana?"

Dada yangu alinitazama. Akamtazama mkwewe kule ndani. Mkwewe akaacha kukoroga, mwiko ukabaki hewani. Mboga ilikuwa yake, alikuwa ameipika kama walivyomfundisha kwao Kibingo, lakini kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze. Kisha Deodatha akanyoosha mkono nyuma, akachukua mfuniko, akafunika.

"Hapana," akasema. "Sisi hatuli hiyo. Ile ni ya sungura."

"Mawe, mama wee!" nikapiga kelele. "Deodatha! Na hiyo inayochemka?"

"Hiyo ni majani ya maboga."

"Mfunulie aone! Deodatha, ni Avelina huyu, mtoto wa Vero. Mfunulie!"

Hakufunua. Nasreen hakuwa na mamlaka ya kufunua sufuria za watu, na alilelewa vizuri mno kuingia jiko la mtu bila kukaribishwa. Nikamgeukia yule mkwe. "Mwanangu, wewe sema." Akainamisha kichwa. Mkwe mgeni hawezi kumkanusha mama mkwe mbele ya wageni, nami mwenyewe ningemsema vibaya kama angethubutu. Tukaondoka, na mlango mwingine sikuubisha: dada yangu akikana, jirani gani angekubali? Njiani Avelina aliniuliza kama tunakwenda kula.

Huko Kayanga nako Nasreen alikwenda, maana kazi yake ilikuwa nyumba zote mbili. Ripoti zikasomwa mbele yetu. Nyumba ya Dastan mtoto angepewa wali, soseji, mkate wa siagi, biskuti na juisi ya pakiti, na kila kimoja kilikuwa na kundi lake, hata biskuti. Nyumba ya Auleria: visivyo chakula, mara mbili. Nasreen akaomba kusema, akasema uzito wa mtoto ni mzuri kuliko wa watoto wengi aliowapima mwezi ule. Ninamshukuru mpaka leo. Afisa akajibu kwamba uzito ni wa leo, yeye anapaswa kufikiria kesho, na kwamba majina yale hakuyaleta yeye, ni wananchi wenyewe waliokaa Kituntu wakayapanga kwa mikono yao. Nikaikumbuka ile mikono mapajani. Alikuwa sahihi.

Dastan alikuja na gari la kukodi. Nilifunga nguo za Avelina, zilijaa mfuko mmoja. Mtoto alifurahia gari, akapanda mwenyewe, akanipungia mkono. Akafikiri nami ninapanda. Mlango ulipofungwa ndipo akaelewa, na kilio chake nilikisikia mpaka gari lilipokata kona ya shule. Nilikaa chini palepale barabarani. Sioni aibu kusema, nililia kama nilivyomlilia mama yake.

Jioni yake Deodatha akaja. Hakupita kijiani, alipitia nyuma, kwenye migomba. Kwetu nyumba ikipatwa na msiba hauendi mikono mitupu, na yeye alinihesabia msiba. Alikuwa na bakuli limefunikwa kitambaa. Akaingia, akaliweka mezani, akafunua. Nyabarashana, ya karanga, imepikwa vizuri, bado inatoa mvuke.

"Hujala tangu asubuhi," akasema, machozi yanamtoka. "Nimekupikia unayoipenda. Nisamehe, mdogo wangu. Nilishikwa na aibu, nikashindwa."

Nilimtazama sana. Ni yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilitaka kumsamehe, nasema kweli, nilitaka kuliko nilivyotaka kula.

"Sawa," nikasema. "Tule. Ila tutakulia nje."

Nikatoa mkeka, nikautandika barazani, kwenye njia ya watu wanaorudi kutoka mnadani. Nikaweka bakuli katikati bila kitambaa. Nikakaa upande mmoja, nikampigapigia mahali pake. Alisimama mlangoni muda mrefu, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hatimaye akaja, akakaa. Akachovya kidole, akala. Nikala. Moyo wangu ulianza kulegea, nikamsogezea bakuli.

Ta Kaijage akatokea na baiskeli yake. Alikuwa amesikia, akashuka kunipa pole. Akasimama pale chini ya baraza, akavua kofia, akasema maneno mazuri kuhusu mapenzi ya Mungu. Kisha macho yake yakashuka kwenye bakuli.

"Naona afadhali mnakula," akasema. "Mnakula nini?"

Sikujibu. Nilinyamaza makusudi, nikamwachia Deodatha. Mtoto ameshakwenda, mahari ilishalipwa, mkwe yuko ndani ya nyumba, hapakuwa tena na kitu cha kupoteza mbele ya mzee mmoja na baiskeli yake. Neno moja tu, nami ningemsamehe yote.

Deodatha alivuta kanga yake, akafunika bakuli.

"Mchicha, Ta," akasema.

Ta Kaijage akatuombea baraka, akapanda baiskeli akaenda. Nikaondoa ile kanga, nikanyanyua bakuli likiwa bado nusu, nikampa mikononi. Nikamwambia aende nalo kwake, na apite njia kubwa. Alipita kwenye migomba. Sasa ni msimu wa tatu, nyumba zetu zinatazamana, na mimi na dada yangu hatuamkiani.